Samurai wa Ifakara

Waliobuni diski za Blu-ray wameigawanya dunia kwa namna ambayo hata wale wa mkutano wa Berlin wangeona haya. Kanda ziko tatu. A ni Marekani yote, ya Kaskazini na ya Kusini, pamoja na Japani, Korea na majirani zao. B ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika nzima, na Australia imepakiwa humo humo. C ni India, China na Urusi. Kwa hesabu hiyo Dar es Salaam ni jirani wa London na Muscat, na Mumbai, ambako majahazi yamekuwa yakiondoka na upepo wa kaskazi kuja kwetu tangu enzi za mababu, ni ugenini. Diski ya kanda moja ukiitia kwenye deki ya kanda nyingine inazunguka, inajifikiria, kisha kioo kinakuletea maandishi ya kukukatalia kwa adabu. Si diski zote zina kufuli hiyo, na zile mpya za 4K hazina kabisa, ila mtu anayependa filamu za zamani hakosi kukutana nayo.

Nilimweleza shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi Houston, ambaye kila akija hupitia London. Nilimweleza kwa simu na kwa maandishi: Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, kanda B, tafadhali B. Shemeji akatua na chokoleti za watoto, manukato ya dada yake, na Seven Samurai ya kanda A.

"Shemeji, B nilikuwa nimeshaiona," akaniambia huku kanishika bega, "lakini nikasema hapana. Wewe ndiye unayemtunza dada yangu. Siwezi kukuletea daraja la pili."

Mtu wa namna hiyo unamkasirikiaje? Nikashukuru, nikaiweka kwenye shelfu, na kava lake likapendeza sana.

Vijana wa nyumbani huniuliza kwa nini nisitazame kwenye simu kama binadamu wengine. Huwaambia kwamba DVD ya kawaida, ile ya tabaka moja, inabeba gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka mbili, yenye ukubwa ule ule wa sentimita 12, inabeba 50, kwa sababu mwale wake wa zambarau-bluu ni mwembamba kuliko mwekundu wa DVD na unasoma vidoa vidogo zaidi. Wakishasikia "gigabaiti" wanauliza kama naweza kuwarushia chache. Basi huwaambia jambo jingine: filamu ya kwenye intaneti leo ipo, kesho mkataba wake umekwisha na imeondolewa, lakini diski iliyo kwenye shelfu ni yako, hakuna wa kuja kuichukua. Hilo nalo nimelisoma kwa wataalamu, na nina hakika wataalamu wale hawana ndugu.

Tuanze na Casablanca, ya mwaka 1942, ya Humphrey Bogart na Ingrid Bergman. Filamu kama hizi husafishwa kwa uangalifu mkubwa, na fundi mzuri huacha zile punje ndogo ndogo za filamu yenyewe, maana ndizo zilizobeba picha. Kwangu mimi ni raha tupu. Mke wangu alitazama kidogo, akanyanyuka, akachukua kipande cha kanga na kuanza kufuta kioo cha televisheni. Alifuta juu, akafuta chini, akahohea, akafuta tena, uso wa Bergman ukiwa nyuma ya kanga muda wote huo.

"Vumbi la nyumba hii, Baba Salma, sijui linatoka wapi."

Nikamwambia lile lilitoka Marekani wakati wa vita. Hakucheka.

Shangazi yeye tatizo lake ni ukubwa. Ben-Hur ya William Wyler, ya mwaka 1959, iliyoondoka na tuzo 11 za Oscar, ilipigwa kwa filamu ya milimita 65, na upana wa picha yake unakaribia mara tatu ya kimo. Ukiionyesha kwenye televisheni ya siku hizi, zaidi ya theluthi moja ya kioo inabaki nyeusi, juu na chini. Ndivyo inavyotakiwa iwe, na mimi nililipa nauli ya ndege ya diski ile kwa ajili ya weusi huo.

"Mwanangu, TV yako imeanza kufa," akasema Shangazi. "Imeanzia juu na chini, itakutana katikati."

"Hapana, Shangazi. Filamu yenyewe ndivyo ilivyo."

"Kwa jirani zinajaa."

Akaomba rimoti. Katika ukoo wetu shangazi akiomba kitu anapewa. Akabonyeza kitufe baada ya kitufe mpaka picha ikatanuka ikajaa kioo kizima, na Charlton Heston akapata kichwa kirefu kama papai. Sebule nzima ikapumua kwa furaha. Tangu siku hiyo wanaiita "ile filamu aliyoitengeneza Shangazi," na sioni kwamba Wyler ana nafasi ya kukata rufaa.

Umeme nao una hadithi yake. Ukikatika filamu ikiwa imekolea, ukirudi deki haikumbuki mlikuwa mmefikia wapi. Inaanza upya, na kabla ya chochote inakuletea onyo kali dhidi ya wizi wa filamu, kwa lugha kadhaa za Ulaya, na huwezi kuliruka. Kijana wa Kariakoo anayejaza filamu kwenye flashi za watu hajawahi kuonywa hata mara moja. Naonywa mimi niliyenunua, gizani, katikati ya watu wanaopepea vitambaa.

Ushindi wangu mkubwa ulikuwa Hatari! Howard Hawks aliipiga Tanganyika, John Wayne akiwakamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama huko nje, na ilitoka mwaka 1962. Jina la Kiswahili lilitosha kuijaza sebule. Akaja na Mjomba, aliyekulia Arusha, na Mlima Meru ulipotokeza tu akapiga kelele, "Simamisha!" Tukasimamisha. Akatueleza mlima. Kifaru akakimbia, tukasimamisha, akatueleza barabara iliyokuwa nyuma ya kifaru. Filamu ya saa mbili na nusu na ushei ikawa kesha. Walipofika mjini na wale watoto wa tembo, Mjomba alisimama kabisa, akasogea hadi pua ikagusa kioo.

"Huyu mwenye shati la mistari! Huyu alikuwa na deni la baba!"

Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba kwenye DVD ile mistari ya shati isingeonekana, na Mjomba ndiye mtu pekee katika familia anayekubali kuwa diski zangu zina thamani. Anataka nimtafutie nyingine zilizopigwa Arusha, kwani wadaiwa walikuwa wengi.

Turudi kwenye ile samurai ya daraja la kwanza. Mama mkwe ana shamba la mpunga Ifakara, na wenye mashamba ya mpunga hupenda kutundika CD mbovu juu ya kamba ili zimemetuke na kuwatisha ndege. Alipiga simu kumuuliza binti yake kama hatuna CD zisizocheza. Mke wangu, mwanamke mkweli, akakumbuka iko moja ambayo haijawahi kucheza hata siku moja. Nilikuja kuiona kwenye picha ya simu, inang'aa juu ya masuke. Nilitaka kulalamika, kisha nikaikumbuka hadithi yenyewe: wakulima maskini wanawaajiri samurai saba kulinda mavuno yao dhidi ya majambazi, na ujira ni wali. Kurosawa asingekuwa na neno. Shemeji, mwenye kuinunua, nilimtumia ile picha. Akajibu, "Unaona sasa? B ingekuwa imeshapauka."

Lakini liko moja ambalo sitalinyamazia. Ben-Hur imegawanywa katika diski mbili. Ya kwanza ninayo, ina taabu, utumwa na makasia. Mbio za magari ya farasi, ambazo ndizo hasa kila mtu anazitaka, ziko kwenye ya pili, na ya pili imeazimwa bila mimi kuambiwa. Kava lilibaki, kwa hiyo aliyeichukua anajua alichokuwa anakitafuta. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, irudishe hata usiku, ipitishe chini ya mlango, sitauliza. Na kama uliitazama ikiwa imetanuliwa, usimwambie Shangazi.