Uzi Kwenye Sufuria

Daktari alinitazama kitambi, usoni hakufika, akasema, "Mzee, punguza." Nipunguze nini, hakusema. Nesi ndiye aliyenifafanulia habari ya kuhesabu kalori, na kijana wangu wa kidato cha tatu akanipakulia programu kwenye simu. Nikashuka Kariakoo kununua mizani ya jikoni, ile ya betri yenye kioo juu. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna amani.

Balaa lilianzia kwenye nyama. Programu inauliza: mbichi au iliyopikwa? Mimi nilijua nyama ni nyama. Kumbe kifua cha kuku bila ngozi, gramu 100 kikiwa kibichi, kina kalori kama 120; gramu 100 za kilichoiva zinasoma 165. Nikashtuka. Nani kachomeka kalori 45 humo ndani?

Mama Neema alikuwa anakata vitunguu. Hata kichwa hakuinua. "Maji yametoka, baba Neema. Hujawahi kuona nyama ikisinyaa?"

Nimeona, tena nimelia. Unaagiza kilo ya mbuzi choma, inapimwa mbele ya macho yako ikiwa imelowa inang'aa, unasubiri saa nzima na soda yako, halafu linaletwa sinia ambalo watu wanne wakiliinamia, wawili wanaambulia kachumbari. Miaka yote nimemshuku mchomaji. Sasa naona nilimwonea, walau kwa sehemu. Nyama ikipata moto hupoteza kama robo ya uzito wake, na ukiikausha sana inafika theluthi. Kinachotoka zaidi ni maji, na maji hayana kalori. Mafuta kidogo yanadondokea mkaani. (Kipande kinachodondokea mdomoni mwa mchomaji hakimo kwenye hesabu hii.) Vyenye kunenepesha karibu vyote vinabaki, vimebanana kwenye kipande kilichopungua.

Wali ndio kinyume chake. Mchele mkavu gramu 100 una kalori kama 360. Ukiiva, gramu 100 za wali zinashuka hadi 130 hivi, maana umekunywa maji ukavimba. Hapo shetani akanikonyeza. Wiki mbili nzima nyama nikaipima imeiva, nikaandika "mbichi". Wali nikaupima ungali mchele, nikaandika "wali". Kila jioni simu inanipongeza. Siku ya kumi na nne nikapanda mizani ya duka la dawa pale mtaani: nimeongezeka kilo moja na nusu.

Nikatubu. Ushauri wa kwenye programu ni kwamba upime ikiwa mbichi, ndiyo sahihi zaidi. Sawa, lakini aliyeandika hayo bila shaka anaishi peke yake na kikaango chake. Kwangu sufuria ni moja na midomo ni saba. Nyama yangu ikishaingia humo, nitaijuaje?

Nikaijua kwa uzi. Nilichagua vipande vinne, gramu 200 kamili, nikavifunga uzi mweupe wa cherehani, kila kimoja na fundo lake, nikavitumbukiza. Nilijiona mhandisi.

Siku hiyohiyo, Jumapili, baba mkwe akatokea bila taarifa. Mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza, na anapakuliwa vinono. Nikamwona mzee anatafuna, anasita, anaingiza vidole viwili mdomoni, anavuta. Uzi ukatoka. Akavuta tena, ukazidi kutoka. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama binti yake, kisha mimi.

"Mkwe," akasema taratibu, "siku hizi nyama mnaishona?"

Nikajikuta nimempa shikamoo ya pili. Mama Neema akanimalizia: "Si mimi, baba. Huyu anatafuta gramu zake."

Aliyeniokoa ni yule kijana wa kidato cha tatu. Pima nyama yote ikiwa mbichi, akasema, halafu ipime yote ikishaiva. Kama kilo moja imetoka na gramu 700, ukila gramu 140 umekula mbichi 200. Ni uwiano tu, baba. Ada ninayolipa nimeiona ikifanya kazi siku hiyo. Ila hebu jaribu wewe kuopoa nyama yote kutoka kwenye mchuzi wa moto, uichuje, uipange juu ya kioo cha mizani, huku watu sita wenye njaa wamesimama mlangoni wakikutazama. Na mifupa je? Kipimo cha bucha kinaihesabu, tumbo langu haliihesabu, kwa hiyo baada ya kula nikawa nakusanya mifupa ya sahani yangu na kuirudisha kwenye mizani. Paka wa jirani alinichukia.

Juzi mama Neema akanisimamia mikono kiunoni. "Nyama unaipima mbichi, unaipima imeiva, unaipima mifupa. Lile tui zito unalomwagia wali, umelipima lini? Na zile chapati mbili unazokula umesimama kando ya jiko?"

Sikuwa na jibu. Chapati za kusimama nilidhani hazihesabiwi.

Mizani bado ipo. Mama Neema anapimia unga wa maandazi ya kuuza asubuhi, na betri nanunua mimi.