Sifa za Gemu Inayogoma

Wapo wanaosifu injini ya mtumbwi kwa kuwa inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Waacheni wasifu. Mwenye injini ya namna hiyo anavuta, anaondoka, wala hakuna anayejua alikoelekea. Lakini ile inayogoma ufukweni saa kumi na moja jioni ina baraza zima: mmoja ameshika plagi, mwingine anapuliza kabureta, wa tatu hajui lolote ila ana maoni. Mimi leo namsifu binamu yake, gemu ya zamani ya kompyuta inayokataa kufunguka kwenye kompyuta mpya. Nimekaa nayo wiki mbili hapa Mbaha, na sikumbuki mgeni aliyetujazia uwanja kama yeye.

Ilianza mpwa wangu aliporudi likizo na laptopu. Aliisafirisha kutoka Songea akiwa ameiweka mapajani njia nzima kama kichanga, ndipo nikaelewa kwa nini vitabu vinaiita kompyuta mpakato. Hata shikamoo haijapoa, akauliza, "Mjomba, ile CD yako ya San Andreas bado ipo?"

Ipo. GTA San Andreas ilitoka mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na mwaka uliofuata ikaja ya kompyuta. Sisi tuliicheza Mbinga kwa zamu, dakika kumi kumi, na ukizidisha unavutwa shati. CD yangu nimeitunza ndani ya bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ubatizo, na sioni aibu kusema hivyo.

Baraka ya kwanza ilishuka hapo hapo: laptopu haina pa kuingizia CD. Kijana aliigeuza pande zote nne, akaikagua hata chini, kama mtu anayetafuta mdomo wa samaki asiyemjua. Ikabidi nisafiri hadi Mbamba Bay, kwenye steshenari moja yenye kompyuta kongwe ya mezani, wanikopie kwenye flashi. Nilipokuwa nikisubiri nilikutana na mtu tuliyeachana naye tangu darasa la saba, nikala mbasa wa kuchoma, nikalipwa deni ambalo nilikwishalisamehe. Gemu inayowaka mara moja ingenifanyia hayo lini?

Tukaibonyeza. Kioo kikawa cheusi, tukashusha pumzi, kikarudi kama kilivyokuwa. Tukabonyeza tena, hivyo hivyo. Hapa ndipo watu wasio na adabu hutukana. Sisi tulijifunza kwamba ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya gemu, unapata mahali pa kuiamuru kompyuta ijifanye ni ya zamani, ya enzi za Windows XP ya mwaka 2001. Nani mwingine anaipa kompyuta ya kisasa malezi ya namna hiyo? Inashusha sauti na kujikunja kama kijana wa Dar aliyefika msibani kijijini, anayezungumza kilugha kibovu mbele ya wazee ili asionekane ana majivuno.

Gemu ikafunguka, ila mausi haikusikia. Unaisukuma, mtu ndani ya kioo anatazama kule kule kama aliyenuna. Kwa hilo kuna kiraka, na nalipenda neno hili kwa sababu halidanganyi: ni kile kile kiraka cha suruali. Kimeshonwa na mtaalamu mmoja anayejulikana kwa jina la Silent, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizibaziba gemu hizi bila kutumwa na waliozitengeneza. Kiraka chenyewe ni kidogo hata kuliko picha moja ya simu. Bando letu halikuhisi kitu.

Wakati huo uwanja ulikwishajaa. Waliokuja kuchaji simu walibaki, waliofuata chumvi wakasahau chumvi. Babu mmoja, jirani yetu, mvuvi aliyestaafu kwa sababu ya magoti wala si kwa hiari, alipewa kigoda mbele kabisa, kwa heshima na kwa sababu angekitwaa hata hivyo.

Mpwa wangu, kwa kutaka sifa, akaingia kwenye mipangilio akazima kizuizi cha kasi, kile kinachobana picha zisizidi 25 au 30 hivi kwa sekunde. Alisikia kwamba kikizimwa gemu inakuwa laini kama mafuta. Na kweli ikawa laini. Akampeleka Carl Johnson, yule mhusika mkuu wa gemu, ufukweni, akamtosa majini.

Carl akapiga mikono, akapiga miguu. Haendi.

Naomba msomaji aione hali ile. Huu ni ufukwe wa Ziwa Nyasa. Hapa mtoto anaogelea kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Na mbele ya halaiki ya watoto hao kuna mwanamume mzima, misuli hadi shingoni, anachapa maji kwa nguvu zake zote na hajasogea hata urefu wa kasia. Kicheko kilichotoka nadhani kilifika Lituhi. Binti mmoja wa kama miaka saba alisimama akamwelekeza kwa vitendo: kichwa chini, kaka, kichwa chini!

Babu peke yake hakucheka. Alitazama kwa makini kama anavyotazama upepo wa mwera ukianza kukunja maji kule mbali, kisha akasema, "Mjukuu wangu, chombo kinakwenda mbio kuliko mtu aliyemo. Punguza."

Hajawahi kushika kompyuta, lakini ndivyo ilivyo hasa. Walioiunda walikadiria picha chache kwa sekunde, na sehemu ya mahesabu ya mwendo wakaifunga kwenye idadi hiyo ya picha. Kompyuta ya leo inamwaga picha mara tatu au nne zaidi, hesabu za kuogelea zinavurugika, na jamaa anabaki akipiga maji bure. Ni mtumbwi wa gogo uliofungiwa injini ya farasi 40. Ugonjwa wenyewe una umri. Kompyuta ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, ilikwenda kwa megahezi 4.77, na gemu nyingi za wakati ule zilipimia saa yao kwenye mwendo huo huo. Zilipokuja mashine za kasi zaidi, adui alikuwa amekuua kabla hujagusa kitufe. Watengenezaji wakaweka kwenye kasha la kompyuta kitufe kilichoandikwa Turbo, ambacho kazi yake halisi ilikuwa kuipunguzia mashine mwendo. Kitu kinachouzwa kwa jina la kasi ili kikupe upole! Biashara haijawahi kusema uongo mzuri kuliko huo.

Tukawasha kizuizi. Carl akaogelea. Watu wakapiga makofi, lakini niliona wazi kuwa shangwe ya kupona ilikuwa ndogo kuliko shangwe ya ugonjwa.

Sifa yake kubwa kuliko zote nimeiweka hapa, nayo ni kwamba gemu ya zamani inatunza siri. Humo ndani kuna ndege inayotua majini, inaitwa Skimmer. Baada ya Windows 11 kupata toleo jipya la mwaka 2024, wachezaji wakaona ndege hiyo haipo tena. Hata ukiilazimisha itokee na wewe ukiwa ndani, inakurusha juu mbinguni umbali usio na jina. Kila mtu akailaumu Windows. Mwaka 2025 Silent akachimba hadi chini akakuta kosa ni la gemu yenyewe, nalo limelala humo tangu siku ya kwanza. Katika gemu iliyotangulia, Vice City, Skimmer iliorodheshwa kama boti, na boti haina magurudumu. Katika San Andreas wakaihamishia upande wa ndege, wakasahau kuiandikia ukubwa wa magurudumu. Gemu ilipofika kwenye mstari huo na kukosa namba, iliokota ile iliyobaki kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake. Miaka 20 ndege iliruka kwa magurudumu ya kuazima bila kuomba. Windows mpya ikatumia kile kipande cha kumbukumbu kwa shughuli zake, namba ikafutika, ndege ikapotea.

Nilimsimulia babu kwa namna yake: mtumbwi una tundu, jirani kasahau kitambaa juu ya tundu, mmevua miaka ishirini hamjui. Siku moja jirani kaja kuchukua kitambaa chake.

"Na jirani ndiye aliyetukanwa," akasema babu.

"Ndiye, babu."

Aliridhika sana na habari hiyo. Nahisi ilimkumbusha mtu.

Siku ya kumi na mbili kila kitu kilikaa sawa. Mausi inasikia, mtu anaogelea, na picha zinakwenda kwa mwendo wao wa miaka ile. Mpwa wangu akakaa barazani, akavaa spika za masikioni, akaanza kucheza. Dakika kumi hazikupita uwanja ukawa mtupu. Wa chumvi walikumbuka chumvi. Ulikuwa usiku wa giza, usiku wa dagaa, na taa za mitumbwi zilikwishaanza kujipanga ziwani. Nilibaki mimi, kijana asiyesikia akiitwa, na babu kwenye kigoda chake akiwa na uso wa mtu aliyefika ngomani wakati ngoma zinafungwa.

"Hakuna nyingine inayoumwa?" akauliza.

Nikamwambia ipo moja ndani ya bahasha, hiyo Vice City, ya miaka miwili nyuma zaidi, na mtu wa humo akiangukia maji tu anakufa, hajui kuogelea kabisa.

Babu akasogeza kigoda karibu.