Taa ya Shemeji

Harusini mimi ndiye yule mtu mnayemgusa bega na kumwambia, "Kaka, sogea kidogo, unatuzibia maharusi." Nabeba fimbo ndefu yenye mwavuli mweupe kileleni, na chini ya mwavuli kuna flashi. Shemeji yangu ndiye mpiga picha. Yeye anazunguka na kamera, mimi nazunguka na taa, na kati yetu hakuna waya wowote. Akibonyeza kamera kule, taa inatakiwa iwake huku. Inatakiwa.

Watu huniuliza kwa nini tusiibandike hiyo taa juu ya kamera tukamaliza. Swali zuri, ila huulizwa na mtu mwenye sahani ya pilau mkononi, na mimi bado sijala. Flashi ya juu ya kamera humpiga mtu usoni moja kwa moja: paji la uso linang'aa, pua inapotea, na nyuma yake ukutani kinajibandika kivuli cheusi ambacho hakikuwa kwenye orodha ya waalikwa. Bibi harusi kaketi saluni tangu alfajiri, halafu anatokea na sura ya picha ya kitambulisho. Ukiitoa taa ukaiweka pembeni, juu ya kichwa kidogo, mashavu yanarudi, shela linaonyesha nyuzi zake, na mama mkwe anakiri kwamba mtoto ni mzuri.

Ugumu uko kwenye muda. Mwanga wa flashi ni mfupi mno. Mara nyingi kazi yote inaisha ndani ya 1/1000 ya sekunde au pungufu ya hapo. Kamera nayo ina mapazia mawili ndani, la kufungua na la kufunga, na flashi lazima iwake ule wakati ambao yote mawili yako pembeni. Kwa kamera nyingi nafasi hiyo inapatikana mpaka kasi ya 1/200 au 1/250 hivi. Ukienda kasi zaidi bila kuiandaa flashi, pazia la pili linaanza safari kabla la kwanza halijafika, na kipande cha picha kinatoka cheusi. Kuna mpiga picha mtaani kwetu anayo moja ya namna hiyo kwenye simu yake: wazazi wa bwana harusi wanaonekana vizuri mpaka kiunoni, kuanzia hapo kushuka ni usiku. Alimwambia mteja ni staili. Mteja akaikuza, akaitundika sebuleni.

Kwa hiyo lazima kamera iiarifu taa, tena upesi. Waya hauna longolongo: umebonyeza, umeme umepita, taa imewaka. Lakini harusi zetu zina ule wakati wa kutoa zawadi, ndugu wa upande mmoja wanapojipanga tangu mlangoni na kuingia kwa mwendo wa muziki, huyu na beseni, yule na jiko la gesi, na nyuma yao vijana wawili na godoro la sita kwa sita. Aliyebeba godoro haoni chini. Sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi. Waya tuliustaafisha.

Tukahamia kwenye kijicho. Flashi nyingi zina kijicho kidogo ambacho kikiona flashi nyingine imewaka, nayo inawaka papo hapo. Hakuna kifaa cha kuongeza, na ndani ya ukumbi kinafanya kazi vizuri kwa sababu mwanga unagonga dari na kuta na kukifikia hata kikiwa kimegeuzwa. Ubaya wake, hakijui mwenye mali ni nani. Simu hazikisumbui sana, maana taa ya simu ni hafifu na haina ule mshituko wa flashi yenyewe. Simu za ukumbi mzima zinaweza kunyanyuliwa keki ikikatwa, na taa yangu ikakaa kimya. Anayetumaliza ni babu mdogo.

Kila ukoo una babu mdogo mwenye kamera ndogo ya dijitali, ya miaka ile ya 2000 na kitu, iliyokaa kwenye kimfuko cha ngozi mkandani. Hapigi picha kwa simu. Simu ni ya kuongea. Kamera yake ina mpango wa kuondoa macho mekundu, hivyo kabla ya picha yenyewe inamulika mara kadhaa ili mboni za watu zisinyae. Kijicho changu kinaona mmuliko wa kwanza, kinaitikia kwa nguvu zote. Wa pili, kinaitikia kwa nguvu iliyobaki. Wa tatu, kinaitikia kwa adabu tu. Flashi ya betri ndogo ikishamwaga umeme wake wote inahitaji sekunde kadhaa kujaza tena, na wakati huo utaisikia ikilia ngiiii. Maharusi wanalishana keki. Shemeji anabonyeza. Ngiiii.

Upo mpangilio wa kuifundisha taa ipuuze mmuliko wa kwanza, lakini uliwekwa kwa ajili ya flashi za kisasa zinazomulika mara moja kupima mwanga. Wa babu mdogo ni mfululizo. Basi shemeji akanituma nikamwombe azime flashi yake. Nikainama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamweleza habari ya kijicho mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza kwa makini sana, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikipiga mimi, hiyo yako nayo inanimulikia?"

"Ndiyo, babu. Ndiyo shida yenyewe."

"Bure?"

Kuanzia hapo alinifuata ukumbi mzima.

Ufukweni mchana ni kinyume chake: jua linakifunika kile kijicho, unapiga flashi mbele yake na hakishtuki. Tena ufukweni kuna upepo wa kusi, na mwavuli wa picha haukuumbwa kwa upepo wa kusi. Nimewahi kusogezwa taratibu kuelekea majini nikiwa nimesimama wima, viatu vikichora mistari mchangani, huku shemeji akinipigia kelele, "Hapo hapo, shem, usitikisike!"

Nikichoka najiliwaza na habari za Jacob Riis. Huyu alikuwa Mdenmaki aliyehamia Marekani, akawa mwandishi wa habari za polisi New York, na mwishoni mwa miaka ya 1880 alianza kuingia usiku kwenye vyumba vya maskini kuwapiga picha ili mji uone wanavyoishi. Wakati huo mwanga wa ghafla ulikuwa unga wenye magnesi, unawashwa, unalipuka, chumba kinajaa moshi. Mwanzoni unga huo ulifyatuliwa kwa kifaa cha mfano wa bastola, na ukiingia usiku wa manane kwenye chumba cha mtu na bastola, hata ukieleza ni ya picha, watu wanatokea dirishani. Riis akaiacha bastola akaanza kuuwashia unga kwenye kikaango. Kikaango kinaleta amani, kila mtu anakijua.

Mwenyewe alieleza kwamba katika kazi hiyo aliwahi kuchoma nyumba mara mbili na kujichoma yeye mara moja. Safari moja alikuwa darini na vipofu watano. Akapiga picha, na macho yake yalipotulia akaona makaratasi na matambara ya ukutani yanawaka moto. Vipofu hawajui lolote. Akauzima peke yake kwa taabu, akashuka kumwambia polisi aliyekuwa mtaani. Polisi akacheka: nyumba ile ilishashika moto mara kadhaa majira ya baridi yaliyopita na haikuungua, kwa sababu uchafu wa kutani ni mnene kiasi cha kuuzima moto. Nikikumbuka hilo naangalia mapambo ya kumbi zetu, vitambaa vya hariri tangu darini hadi sakafuni, nyavu, maua ya plastiki, na kuishukuru betri.

Siku hizi tunatumia redio. Juu ya kamera kuna kidude kinaitwa triga. Ukibonyeza, kinatuma neno kwa mawimbi ya 2.4 GHz, na flashi inalipokea hata ikiwa nyuma ya pazia. Canon waliiweka redio ndani ya flashi yenyewe mwaka 2012, kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Baadaye kampuni za China zikaishusha bei, na ndivyo ilivyotufikia Kariakoo. Masafa hayo ni ya watu wote, yanatumiwa na Wi-Fi, na majiko ya maikrowevu huyavujia. Tena maji huyanywa, na mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Wajomba wanne wa haja wakisimama kati yangu na shemeji, neno lake linaweza kuishia kwenye vitambi vyao. Ndiyo maana fimbo yangu ni ndefu: taa ipite juu ya wajomba.

Ili wapiga picha wasiingiliane, mashine hizi zina chaneli, nyingi zina hadi 32. Lakini zikitoka kwenye boksi mara nyingi zimewekwa chaneli ya kwanza, kundi A, na mtu aliyenunua kitu Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi hasomi kijitabu.

Kuna ukumbi mmoja wa ghorofani hapa Dar, ni kumbi mbili zilizotenganishwa na ukuta wa mbao wa kukunja. Kwetu harusi, ng'ambo ya ukuta sendofu. Mchungaji akasimama kuombea chakula. Shemeji kaiachia kamera ining'inie kifuani, kafumba macho, mikono nyuma. Mimi kichwa chini, fimbo juu. Mchungaji akafika pale pa kuomba Mungu ashuke mahali hapa, taa ikawaka. Ukumbi mzima mweupe.

"Amina!" wakaitikia meza ya mbele, kabla ya wakati.

Mchungaji ni mtu mzoefu, akaendelea, ila sauti ilipanda. Taa ikawaka tena. Ikawaka mara mbili za haraka. Mama mmoja mwenye sare ya kitenge akainua mikono yote miwili. Shemeji akafungua jicho moja kunitazama, nikamwonyesha kiganja kitupu. MC, ambaye hajawahi kupitwa na jambo, akadaka maikrofoni sala ilipoisha: "Mnaona wenyewe! Kamati imejipanga! Na bado!" Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, anayeijua bajeti mpaka senti ya mwisho, aligeuka kumtazama mweka hazina wake kwa macho ya kudai maelezo.

Vigelegele ndivyo vilivyotupa jibu. Kila vikipanda ng'ambo ya ukuta, taa yangu inawaka. Mwali wao alikuwa anaingia, na mpiga picha wao alikuwa anafyatua bila kupumzika. Shemeji akazunguka kwenda kwao. Nilimwona mlangoni na mwenzake, jamaa mpole mwenye koti la mikono mirefu kuliko yake. Naye alikuwa amesumbuka jioni nzima: taa yake ilikuwa inamulika meza ya wazee wakiwa wanakula, na mzee mmoja alishahama kiti mara mbili.

Kwa muziki ule, mazungumzo yalikuwa ya vidole. Shemeji akaonyesha kimoja, akatikisa kichwa, akaonyesha sita, akajigusa kifua. Jamaa akaelewa kwamba anaombwa ahame. Na kwa kuwa ni muungwana, akahama. Shemeji, muungwana pia, akahama. Wote wawili wakawa chaneli ya sita.

Keki ikaletwa, MC akaanza kuhesabu, na taa yangu ikawaka mara saba kabla ya kufika tatu. Safari ya pili wakaandikiana kwenye tishu: sisi tisa, wao sita. Tukatulia. Ila tulipofika kwenye ndafu, mbuzi mzima kasimama mezani na majani mdomoni, betri zilikuwa zimeisha. Sendofu ya watu ilikuwa imezila.

Mwenyekiti wa kamati akaja kuuliza kwa nini picha za ndafu zimesimama. Shemeji akamweleza kwa kifupi: hao majirani wamemulikiwa na taa yetu tangu sala ya chakula. Mtu huyu alikuwa amekesha miezi kwenye kundi la WhatsApp akiwakumbusha watu ahadi zao. Uso wake ukabadilika.

"Subiri kidogo, mpiga picha. Yaani wametumia huduma yetu?"

"Bila kukusudia, mwenyekiti."

"Nimeuliza wametumia?"

"Wametumia."

Akatoa daftari mfuko wa ndani wa koti, akachomoa kalamu, akazunguka ukuta. Alirudi na kreti mbili za soda, paketi mbili za betri, na ahadi ya elfu hamsini kutoka kwa mwenyekiti mwenzake, ambayo alituambia tusiiweke kwenye hesabu mpaka iingie.