Kondoo wa Nani Huyu?

Mtu akikuambia Age of Empires II ni mchezo wa vita, usibishane naye. Muulize tu kondoo wako wapi. Akikodoa macho, huyo bado hajajua kutazama. Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya runinga nikisubiri farasi na mapanga, nikaonyeshwa watu watatu wanachinja kondoo na kukata kuni, huku mtangazaji wa Kimarekani anapiga kelele utadhani limefungwa bao la dakika za majeruhi.

Aliyeniingiza humo ni mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kukaa nami Tanga huku akisubiri majina ya chuo. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake haichelewi na vyombo anaosha bila kusukumwa. Ila usiku ukifika anataka runinga, na runinga ni moja, na mimi nina tamthilia yangu ya Kituruki. Tukapatana: leo yako, kesho yangu. Sasa mimi si mtu wa kukaa sebuleni kwangu mwenyewe kama mgeni. Nikamwambia anifundishe.

"Rahisi tu, shangazi," akasema.

Gemu lenyewe lina umri mkubwa kuliko yeye. Lilitoka mwaka 1999, kazi ya Ensemble Studios ya Marekani. Studio ilifungwa 2009, watu wakaendelea kucheza, na mwaka 2019 likatolewa upya, limepakwa rangi likang'ara. Wanashindana wawili. Kwa kawaida kila mmoja anaanza na wanakijiji watatu, mpanda farasi mmoja wa kupeleleza, na jengo kuu katikati ya kijiji chake. Kutoka hapo anatakiwa alishe watu, ajenge, apande kutoka Zama za Giza hadi za Ukabaila, halafu za Ngome, halafu za Himaya, huku mwenzake anafanya hayo hayo ng'ambo ya msitu akiwa na nia moja tu, kumfutilia mbali. Na nchi yote ni kiza mpaka upite mwenyewe ndipo uione.

Hicho kiza ndicho kilichonitesa kwanza. Mtazamaji anaonyeshwa pande zote mbili. Mchezaji haonyeshwi. Kwa hiyo mimi nawaona wapiga mishale sita wanazunguka nyuma ya miti kwenda kuwavamia wakata kuni wa watu, na yule mwenye kijiji anajenga kinu cha unga kwa raha zake. Nikapiga ukelele: "Nyuma yako, baba! Nyuma yako!" Kijana akaruka kwenye kochi akidhani kuna nyoka ndani. Alipotulia akanieleza kwamba huyo mtu yuko Ulaya, na hata angekuwa hapa mtaani kwetu Chumbageni asingeruhusiwa kunisikia. Nikaona ni uonevu.

Halafu kuna suala la rangi. Mimi ni shabiki wa timu ya Simba tangu nizaliwe, na Simba ni wekundu, kwa hiyo nilipoona mmoja ni mwekundu na mwingine ni wa bluu sikuhitaji ushauri. Mwekundu akashinda mchezo wa kwanza, nikashangilia. Mchezo wa pili mwekundu akaonewa vibaya sana, nikaumia, nikamlaani wa bluu na ukoo wake. Mwisho kijana akasema taratibu, kwa sauti ile ya kumpa mtu habari za msiba, kwamba baada ya mchezo wa kwanza wachezaji walibadilishana rangi. Kumbe mtu wangu ndiye niliyekuwa namlaani.

Nikaacha rangi, nikashika majina. Majina nayo si majina. Bingwa mmoja mkubwa, raia wa Norway, anaitwa TheViper, yaani nyoka. Wa Kanada anaitwa Hera, jina la mungu wa kike wa Wagiriki, naye ni mwanamume. Mtangazaji maarufu kuliko wote anaitwa T90, kama kifaru cha jeshi. Nilizoea haraka kuliko nilivyotarajia. Mtaani kwetu kuna mzee anaitwa Bomba na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nguruwe mwitu ndiye aliyeninasa. Kondoo mmoja ana nyama ya kupima 100, nguruwe ana 340, kwa hiyo kila mchezaji anamtaka. Lakini nguruwe hachungwi. Inabidi mwanakijiji mmoja aende amchokoze kwa mshale, kisha atimue mbio kurudi kwa wenzake na mnyama nyuma yake, na wenzake wote wasimame wammalize. Akichelewa kidogo anakufa yeye, na maskini anakufa kwa sauti. Wapo mafundi wa uhuni ambao wanatuma yule mpanda farasi kwenye nchi ya mwenzao, wanamchokoza nguruwe wa mwenzao, na wanakimbia naye mpaka kwao. Wizi mtupu, na mtangazaji anausifia! Mama yangu mzazi, anayekaa na mimi, alipita siku moja akauliza wale ni watu gani. Kijana akajibu kuwa ni Saracens, Waarabu wa enzi za Salahuddin. Akauliza wanakimbilia nini. Akaelezwa. Gemu haliulizi dini ya mtu. Saracens, Waturuki, Waberberi, wote wanamtoa mbio nguruwe mwitu kama kawaida. Mama alichukua tasbihi yake akaenda kukaa barazani.

Hadi hapo nilikuwa naona vituko tu, nani anashinda sijui. Nilikuwa naangalia penye vumbi, na penye vumbi pananidanganya kila mara: mtu anaua askari kumi, mimi nampigia makofi, mtangazaji anasema hali yake ni mbaya. Mbaya kivipi? Kijana akanionyesha tarakimu ndogo juu ya skrini. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka kwenye jengo kuu. Jengo likikaa dakika moja bila kutoa mtu, umepoteza zaidi ya watu wawili, na hao wawili wangeleta chakula cha kuwatoa wengine. Vita unaweza kushinda leo, hiyo dakika hairudi.

Aa! Sasa tunazungumza lugha moja. Mimi nimesimamia jiko la shughuli tangu ujana. Anayejua jiko la shughuli haangalii sufuria linalochemka. Anamtafuta yule binti aliyekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, nazi nusu yake haijakunwa, macho yako kwenye simu. Huyo ndiye anayechelewesha pilau ya watu mia nne, na wala haonekani akikosea chochote. Tangu siku ile sikutazama tena mapanga. Natazama nani kasimama bure.

Na wapo! Kijana alinianzishia kipindi cha T90 kinachoitwa Low Elo Legends, ambamo anatangaza mechi za watu wasiojua kucheza. Elo ni hesabu ya kupanga wachezaji kwa uwezo, iliyobuniwa kwa ajili ya chesi na Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani. Kwenye gemu hili unaanzia 1000, mabingwa wanapita 2500, na hawa wa kipindi wamelala huko chini kabisa. Nawashauri wanaoanza waanzie huko. Bingwa akikosea huoni, kosa lake ni la sekunde tatu. Hawa makosa yao yanaonekana toka barabarani. Nilimwona mmoja kajizungushia ukuta wa mawe mzuri sana, halafu mlango hakuweka, jeshi lake lote limebanana ndani linatazama nje. Mwingine aliacha wanakijiji saba wamesimama kwenye shamba la miti iliyokwisha, mpaka mechi inaisha. Saba! Nilisimama nikashika kiuno.

Kujua sana nako kuna gharama zake. Wachezaji wa gemu hili wana desturi ya zamani: ukiandika namba fulani kwenye ujumbe, sauti inasikika kwa wote. Namba 11 ni kicheko, mtu anaangua kicheko kirefu. Namba 30 ni ile sauti ya kuhani, wololo, nitaisema sasa hivi. Basi watazamaji nao, kitu kikiwachekesha, wanaandika 11, zinashuka kwenye skrini 11, 11, 11. Mimi nikaizoea. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kamati ya harusi mtu akatuma kichekesho cha bwana harusi aliyesahau viatu, nami nikajibu 11. Mweka hazina hakukawia: "Ahsante shangazi wa bibi harusi, tumepokea ahadi yako, Sh 11,000." Wakafuata watu na vidole gumba. Dada yangu akapiga simu, hakunisalimia, akasema tu, "Elfu kumi na moja?" Hapo jaribu kuwaeleza watu wazima kwamba kumi na moja ni kicheko. Nilitoa laki mbili nikanyamaza.

Kuhani sasa. Kuna mtu amevaa joho, hana silaha, anainua fimbo anaimba, na mpanda farasi wa adui mwenye deraya zake anasimama, anabadilika rangi, anageuka kuwapiga wenzake. Sauti yenyewe ya wololo ni ya makuhani wa gemu la kwanza la 1997, na imependwa kiasi kwamba kampuni ya Red Bull iliita mashindano yake Red Bull Wololo. Mwaka 2022 waliyafanyia ndani ya ngome ya Heidelberg, Ujerumani, ngome ya mawe kweli kweli. Wachezaji wamekaa na vipokea sauti masikioni, wanabomoa ngome za kwenye kompyuta wakiwa ndani ya ngome ambayo ilishabomolewa na Wafaransa karne ya 17. Bando langu liliishia hapo hapo, kuhani kainua fimbo, kiduara kinazunguka. Mpaka leo sijui yule mpanda farasi aligeuka au hakugeuka.

Nina kinyongo kimoja. Mwaka 2015 liliongezwa toleo la Afrika, wakaingia Wahabeshi, Wamali na Waberberi. Wamali wana wanawake wanaorusha visu, Gbeto, wanakimbia kuliko wanaume wengi uwanjani, hao nikiwaona siondoki. Lakini watu wa nne kwenye toleo hilo la Afrika walikuwa nani? Wareno! Kilwa hakuna, Mombasa hakuna, aliyeletwa ni yule aliyetuvunjia mji.

Lililonichukua muda kulikubali ni gg. Mchezaji ana nyumba arobaini, mashamba, askari wazima, ghafla anaandika gg, yaani nimeshindwa, ahsante kwa mchezo, na anaondoka. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema bora apigane mpaka nyumba ya mwisho, watoto wa siku hizi hawana uvumilivu. Siku hizi mimi ndiye ninayemwambia kijana, "Huyu angeshaandika." Nahesabu wanakijiji, huku 60, kule 38, dhahabu imeisha. Anasubiri nini?

Kuna mashindano ambamo majina ya wachezaji yanafichwa, Hidden Cup, kila mtu anacheza kwa jina la shujaa wa zamani na watazamaji wanakisia ni nani kwa mtindo wake. Nilikaa wima. Kwa mchezaji mmoja kijana alikuwa na jina lake, mimi langu. Nilikuwa na ushahidi: nyumba tatu zimebanwa kwenye kona ya msitu, kondoo wa akiba wamefichwa nyuma ya kinu. Alipotolewa na jina likafunuliwa, hakuwa wangu wala wa kijana. Wote wawili hatukukubali. Kijana anasema zile nyumba haziwezi kuwa za huyo, mimi nasema na dhahabu kaipata wapi, na kondoo ni wa nani, na nani kampa ruhusa ya kujenga pale. Umeme ukakatika, hatukunyamaza. Ikabidi jirani avuke uani na tochi ya simu, apige hodi, aulize kwa upole kama kuna mzee wa kutusaidia kugawa hiyo mirathi.