Wamerudi, na Roma Yao

Shemeji yetu amerudi Lavington na familia yake baada ya miaka kadhaa ya kazi Roma. Tulienda kuwapokea na chapati, tukapokewa na sheria. Kapuchino, tulielezwa, ni ya asubuhi. Anayeiagiza baada ya chakula cha mchana hajastaarabika. Tambi nazo hazivunjwi kabla ya kuchemshwa. Mama mkwe, ambaye miaka yote huzivunja vipande vitatu ili zienee kwenye sufuria, aliguna tu akaendelea kuvunja.

Kijana wao alipanda matatu ya 46 pale Kencom akaanza kutafuta mashine ya kugonga tiketi. "Bosi, mashine ni mimi," makanga akamwambia. "Leta mia."

Lakini kilio kikubwa ni kahawa. Eti Nairobi haina kahawa! Haya maneno yanasemwa safari fupi tu kutoka Wakulima House, Barabara ya Haile Selassie, ambako kahawa ya Nyeri na Kirinyaga hupigwa mnada, ikafungwa magunia na kwenda kuchomwa ughaibuni. Huko huwekwa kwenye kopo la kumetameta. Kopo hilo ndilo shemeji alilotuletea, akatukabidhi kwa mikono miwili, na maelezo ya namna ya kulinywa.

Tumeshukuru, maana zawadi ni zawadi. Ila shemeji, mnada huwa Jumanne, na kutoka Lavington hadi mjini hakuna anayekuuliza viza.