Gari Lenye Mitala

Dar es Salaam imetanuka hadi Bunju na Chanika, na moto nao haukukubali kubaki mjini. Dawa inayopendwa mezani ni kugawa upya: askari wawili wa zimamoto watoke Ilala waende Temeke, gari la Temeke lielekee Kinondoni, kalamu iwekwe chini, chai iletwe. Hesabu haina kasoro, maana magari ni yaleyale.

Sasa gari lina mitala, halijui usiku huu ni zamu ya nani. Mwenye nyumba anapiga namba ya dharura, 114, anaulizwa alama ya karibu, anataja mwembe uliokatwa zamani. Gari linatoka, linanasa kwenye foleni, bodaboda wanalipita wakiwahi kutazama moto. Likifika lina maji ya dakika chache, na bomba la kujazia limelala chini ya kibanda cha chipsi. Wananchi wanazomea: “Mmekuja kuzima majivu?”

Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Si mbali na hapo kuna kituo cha mwendokasi kinachoitwa Fire. Kwa upande wa majina, angalau, tulikuwa tumejipanga.