Sifa za Bi Ada

Pwani kwetu mwezi ukiandama watu hugombana. Huyu kasikia umeonekana Saudia, yule anasubiri uonekane Tanga, na nyumba moja inaweza kula Idi siku mbili mbalimbali. Johannesburg ugomvi huo haupo. Hapa wa kwanza kujua kwamba mwezi umeingia ni mita ya umeme. Nunua tokeni tarehe mosi asubuhi, uone kama risiti itakosea siku.

Mwenye macho hayo makali hajatungiwa hata ubeti mmoja, nami naona tumemkosea. Namzungumzia ada ya kila mwezi, ile inayokatwa kwenye umeme wa nyumbani kabla hujawasha taa. Kwa heshima nitamwita Bi Ada, maana mgeni anayeingia kwako kila mwezi na kula kabla ya watoto humwiti jina tupu. Fundi huahidi kuja leo akaja keshokutwa. Simu ya huduma kwa wateja hukupigia muziki mpaka sikio lipate moto. Bi Ada hajachelewa hata siku moja.

Wenye mita za kulipa baadaye walikuwa wakimjua miaka mingi. Kwa wenye mita za tokeni alifika tarehe 1 Julai 2024, akiletwa na City Power, shirika la umeme la jiji, akiwa na mizigo miwili kichwani: randi 70 za huduma na randi 130 za uwezo wa mtandao. VAT ya asilimia 15 ikamvisha viatu, akaingia mlangoni akiwa randi 230. Jiji lilieleza kwamba wateja wa tokeni nao sasa wachangie kutunza nyaya, kama wenzao. Watu walipiga kelele, upinzani ukakusanya saini. Yeye akavua viatu, akauliza chakula kiko wapi.

Naomba nisimame kidogo kwenye huo uwezo, kwa sababu ndipo ulipo usanii wake. Hutozwi umeme uliotumia. Unatozwa ule ambao ungeweza kuutumia, kama ungetaka, kama ungekuwa nazo. Mama ntilie wa Kariakoo angekuwa na elimu hiyo ungelipia benchi kwanza, ukalipia moshi, ukalipia na uwezo wako wa kumaliza sahani tatu, ndipo uulize wali bei gani. Angekwishajenga ghorofa. Yeye anapima wali kwa upawa na kukuongezea mchuzi bure, na ndiyo maana mpaka leo anaokota vibao vya kuwashia moto.

Wala tusimsingizie Bi Ada kwamba hana hoja. Nguzo haiozi polepole eti kwa sababu wewe unapikia mkaa. Transfoma ikiungua, bei yake ni ile ile hata kama mtaa mzima hulala saa mbili usiku. Kisha mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokuwa mkali kuliko miaka yote, wenye fedha wakapanda juu ya mapaa wakafunga sola, wakanunua na betri, na waya wa jiji ukabaki kwao kama tairi la akiba kwenye buti la gari. Hulitumii, lakini hutaki liondolewe. Nani alilipie tairi hilo? Mwenye akili yoyote atasema kwamba panahitajika mtu kama Bi Ada. Tatizo dogo tu ni kwamba kwa mwenye betri ya kumvusha usiku kucha, randi 230 zilikuwa chakula cha mbwa wake cha siku chache. Yule bibi alipoona geti halikutikisika, akateremka mtaa wa Yeoville.

Na Yeoville ndiko alikoonyesha anavyopenda usawa. Mjane aliyetenga randi 300 za umeme kwa mwezi alimwachia Bi Ada 230, naye akabaki na umeme wa randi 70. Aliyetenga randi 3,000 alimwachia 230 zile zile, akabaki na 2,770. Kwa wa kwanza ilikuwa zaidi ya robo tatu ya fedha yake, kwa wa pili haikufika hata sehemu moja ya kumi. Ukilalamika utajibiwa kwamba wote wametozwa sawasawa, na ni kweli, kama vile ni kweli kwamba twiga na kuku wakiamriwa kuvuka mto mmoja wameamriwa sawasawa. Nisisahau kusema kwamba kaya zilizosajiliwa na jiji kuwa maskini zilisamehewa. Umaskini wenyewe hautoshi, lakini. Sharti uwe na fomu.

Sifa yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna anavyorudisha mazungumzo majumbani. Chukua nyumba moja ya karibu na soko la Yeoville, ambako meza moja ya dagaa inakupa Kiswahili cha Kigoma na cha Bukavu kwa pamoja. Vyumba vitano, mapazia mengi, mita moja. Humo wamo fundi cherehani, kinyozi, mlinzi wa usiku, mama anayeuza sombe, na kijana wa Dar ambaye kila mwezi yuko mbioni kuelekea Ulaya. Zamani kila mmoja alinunua tokeni zamu yake ilipofika, salamu kwa mbali, kila mtu na mlango wake. Bi Ada alipoingia, anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayembeba kwa niaba ya wote. Basi tarehe 30 jioni nyumba inajaa adabu usiyopata kuiona.

"Yaya, tununulie wewe, wewe ndiye mkubwa wetu," anasema fundi cherehani. (Kwa Mkongo yaya ni kaka mkubwa. Kijana wa Dar, anayejua yaya wa kulea watoto tu, alichukua wiki nzima kuacha kununa.)

"Mdogo wangu, cherehani yako ndiyo inayokula umeme," anajibu kinyozi, amesahau mashine zake tatu.

"Na mimi mama yenu? Mnataka mama ndiye atangulie?"

Hapo hakuna mwenye jibu. Tarehe mosi wanakula kwa mshumaa, tarehe pili pia. Watu walioishi pamoja mwaka mzima bila kujuana wanaanza kuulizana habari za kwao, za vita Kivu, za bei ya sukari Kigoma. Mlinzi wa usiku peke yake hajaona tofauti.

Soweto Bi Ada hakuingia kwa mlango huo. Sehemu kubwa ya Soweto hupata umeme moja kwa moja kutoka Eskom, shirika la taifa, na Sandton ya matajiri vivyo hivyo. Kwa hiyo pande mbili ambazo ni nadra kukutana kwenye jambo lolote zikajikuta zimesimama pamoja nje ya karamu ya City Power. Labda ni heri, kwa sababu Soweto ina deni la kumbukumbu na umeme. Kituo cha Orlando kilipoanza kuzalisha mwaka 1942, moshi ulibaki kwa Waafrika na umeme ukaenda mjini kwa Wazungu. Nyumba nyingi za Soweto zilingoja mpaka miaka ya 1980 kupata waya. Mwaka 1986 wakazi wakagoma kulipa kodi ya nyumba na huduma, na makubaliano ya mwaka 1990 yakafuta malimbikizo yao. Kituo kilifungwa mwaka 1998. Minara yake miwili ikapakwa picha za rangi kali, na leo watu hulipa ada ili wafungwe kamba na kujirusha kutoka juu. Hata hapo, ukitazama, Bi Ada amepata jamaa.

Palipo na umeme wa ghali pana wanaouunga bila kibali. Tanzania huwaita vishoka. Wazulu husema izinyoka, na Mswahili hahitaji mkalimani kumjua mnyama huyo. Mwaka 2000 Soweto ilianzisha kamati yake ya kupambana na tatizo la umeme, na mafundi wake wakawa wakiwarudishia waya majirani waliokatiwa, hadharani, kwa kampeni iliyoitwa Operation Khanyisa, yaani washa taa. Wengine waliona ni wizi, wengine ukombozi. Bi Ada hakujiingiza. Aliyeunga waya juu ya nguzo usiku hana tokeni, na asiye na tokeni hamjui Bi Ada. Huyu bibi huwatembelea wanaolipa tu. Kwetu tumefundishwa kwamba mtu mwenye adabu haendi kula asikoalikwa.

Nyumbani tulimfukuza, jambo ninalolitaja kwa aibu. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walikuwa naye, wenyewe wakimwita sevis chaji: shilingi 5,520 kila mwezi kwa mteja wa kawaida, juu ya mita inayoitwa LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina na tozo vilikuwa vikitazamana kwenye risiti moja bila kusalimiana. Aprili 2016 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikamwondoa. Wakenya nao walikuwa wakimpa shilingi 150 za kwao, wakamwaga mwaka 2018. Tulidhani yamekwisha. Agosti 2021 akarudi Tanzania amejifunga kanga mpya: kodi ya majengo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya chini, inayokatwa humo humo kwenye LUKU. Mpangaji wa Mbagala akajikuta analipa kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba anamtishia kumtoa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mtu wa namna hiyo humfukuzi. Unamfungulia mlango wa mbele ili atoke, naye tayari ameshaweka begi jikoni.

Basi sikushangaa sana jiji la Johannesburg lilipompunguza mwili Julai 2025, wala sikushangaa kwamba siku hiyo hiyo bei ya umeme wenyewe ilipanda kwa zaidi ya asilimia 12. Bibi akikonda, mtu mwingine kanenepa nyumbani humo. Lakini ningependa akumbukwe alivyokuwa mwaka wake wa kwanza, mwenye afya, randi 230 kamili, na nitamtolea ushahidi kwa mtu mmoja tu. Tuseme ni kinyozi mwingine, huyu anaishi peke yake kwenye chumba kimoja mtaa wa Berea.

Desemba 2024 alinunua umeme wake, Bi Ada akachukua chake, jamaa akapanda basi kwenda kwao Kigoma. Mama alikuwa mgonjwa. Alikaa kuliko alivyopanga, na mwezi Machi ndipo aliporudi. Kiti chake kwenye saluni kilikuwa kimepewa kijana mwingine. Dada waliyekuwa wakipendana alikuwa amehamia Pretoria. Laini ya simu ilifungwa, na pilipili aliyoipanda kwenye kopo dirishani ilikauka mpaka shina. Taa haikuwaka. Akaenda dukani akanunua umeme wa randi 700, fedha iliyobaki ya safari.

Januari, Februari, Machi: hakuna hata mwezi mmoja ambao Bi Ada alikuwa hajauhesabu. Risiti ilisema randi 690 ni zake. Umeme ulikuwa wa randi 10.

Katika jiji zima ni yeye peke yake aliyemngoja. Kinyozi aliingiza tarakimu zote 20 kwa mwanga wa simu, akawasha birika, akakaa kitandani bila kuvua koti.